Kumngoja Bwana kama Mtumishi

  Leo tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu anayeweza kulikwepa, nalo ni kungoja.

Sisi sote ni watu wa kungoja. Mkulima anangoja mvua. Mwanafunzi anangoja matokeo ya mtihani. Kijana aliyemaliza masomo anangoja barua ya kazi, na kila jioni baba yake humtazama bila kusema neno. Mama fulani anangoja mtoto mwaka wa saba tangu arusi yake, na kila aendapo kanisani yuko mtu wa kumtazama tumboni kabla ya kumtazama usoni. Wengi wetu tumeyaombea mambo kama haya, tumefunga, tumeombewa na wazee wa kanisa, na bado hatujaona kitu. Halafu usiku, taa ikiisha kuzimwa, swali linakuja: Je, Mungu anasikia?

Wazee wetu walisema kwamba subira huvuta heri, na kwamba mvumilivu hula mbivu. Maneno hayo ni ya kweli, nasi hatuyapingi. Lakini Neno la Mungu linatutaka twende mbele kuliko hapo. Halituulizi tu kama tunangoja. Linatuuliza: tunangoja kama nani?

Tutoe mfano. Fikiri juu ya ofisi moja kubwa mjini. Nje ya mlango wa mkubwa wa ofisi hiyo liko benchi refu la mbao, na juu yake wameketi watu wawili. Mmoja ni mwananchi aliyefika kutafuta hati ya shamba lake. Wa pili ni tarishi wa ofisi. Wote wawili walifika saa mbili asubuhi, na saa nne ikipiga wote wawili wangali wameketi pale pale. Mtu apitaye njiani atasema kwamba watu hawa wanafanya jambo moja.

Lakini sivyo. Yule mwananchi anangoja kitu. Anatazama saa, anahesabu nauli ya basi, anavuta pumzi kwa nguvu. Kila dakika inayopita kwake ni dakika iliyopotea. Ikifika saa sita huenda akaondoka kwa hasira, au akaanza kuuliza kama hakuna mlango wa nyuma. Akiisha kupata karatasi yake ataondoka, wala hatakuwa na haja ya kumwona mkubwa yule tena. Hatumlaumu, ana haki yake, na ni wajibu wa ofisi kumhudumia.

Tarishi naye hangoji kitu, anamngoja mtu. Sikio lake liko kwenye kengele. Akimwona mzee amepotea njia katika ofisi zile, anainuka kumwelekeza, kisha anarudi mahali pake. Saa mbili alizoketi si saa zilizopotea, kwa maana kukaa karibu na mlango ule ndiyo kazi yake yenyewe. Na kengele ikilia, huwa amesimama kabla haijanyamaza.

Ndugu msikilizaji, wewe umeketi upande gani wa benchi hilo?

Katika Kiswahili chetu, mtu anayelinda mlango wa nyumba huitwa mngoja mlango. Jambo hilo ni la kufikiriwa. Neno lile lile tunalolitumia kwa mtu anayekaa kutazamia, tunalitumia pia kwa mtu aliye kazini. Basi kungoja si lazima kuwe ni kukaa bure. Kungoja kwaweza kuwa ni utumishi.

Hivyo ndivyo inavyofundisha Zaburi ya 123. Zaburi hii ni mojawapo ya zile nyimbo 15 za kupanda mlima, tangu ya 120 hata ya 134, na yasemekana mahujaji waliziimba walipokuwa wakipanda kwenda Yerusalemu. Mwimbaji anasema kwamba kama vile macho ya watumishi yanavyoutazama mkono wa bwana wao, na macho ya mjakazi yanavyoutazama mkono wa bibi yake, ndivyo macho yetu yanavyomtazama Mungu mpaka atakapoturehemu. Angalia vema: wanautazama mkono. Katika nyumba za wakubwa wa nchi zile, bwana aliweza kutoa amri kwa ishara ya mkono tu. Mtumishi aliyegeuza uso wake aliikosa. Tena mkono ule ule ulioagiza kazi ndio uliogawa chakula, na ndio uliomlinda mtumishi asionewe. Basi mtumishi alitazamia vyote kutoka mahali pamoja: kazi yake, riziki yake na ulinzi wake.

Sisi mara nyingi tunautazama mkono wa Mungu kwa ajili ya riziki peke yake. Mkono ukifunguka tunashangilia. Ukielekeza kazi tunaangalia kando. Tujifunze basi mambo matatu juu ya mtumishi anayengoja.

Jambo la kwanza: mtumishi haiendeshi saa ya bwana wake.

Habari ya mfalme Sauli katika 1 Samweli 13 yatufundisha hivyo. Samweli alimwagiza amngoje Gilgali siku saba, mpaka yeye mwenyewe afike na kutoa sadaka. Wafilisti walikuwa wamekusanyika kwa vita, watu wengi mno. Waisraeli waliogopa wakajificha mapangoni na mashimoni, na wale waliobaki na Sauli wakaanza kutawanyika. Tusimhukumu upesi. Shida yake haikuwa ya kubuni. Alingoja siku saba kweli, na siku ya saba Samweli hakuonekana. Ndipo Sauli akaagiza aletewe sadaka, akaitoa kwa mkono wake mwenyewe. Alipokuwa amekwisha tu kuitoa, Samweli akatokea!

Tutambue kwamba Sauli hakufanya jambo la kipagani. Hakwenda kwa sanamu siku ile; alitoa sadaka kwa Mungu wa Israeli. Lakini alisahau kwamba hata mfalme ni mtumishi. Haraka yake ilivaa nguo za dini, na hapo ndipo ilipo hatari kwetu sisi watu wa kanisa. Mtu anataka uongozi wa parokia, haoni kwamba wakati wake haujafika, basi anaanza kukusanya watu wake pembeni na kuita jambo hilo maombi. Binti anachoka kungoja mume amchaye Mungu, anakubali yeyote anayekuja, kisha anasema Bwana amejibu. Mwingine anaomba mchana pamoja nasi, na usiku anapita njia ya nyuma kwenda kwa mganga. Wote hao wamekubali kungoja, ila kwa saa yao wenyewe.

Hata Ibrahimu, baba wa imani, alijikwaa hapo. Alikuwa na umri wa miaka 75 alipotoka Harani kwa ahadi ya Mungu. Alipokuwa na miaka 86, yeye na Sara walikuwa wamekwisha kutafuta njia yao kwa Hajiri, na Ishmaeli akazaliwa. Isaka alizaliwa Ibrahimu akiwa na miaka 100. Miaka 25 ya kungoja! Mungu hakumtupa Ibrahimu kwa sababu ya kosa lile, wala hakumsahau Hajiri kule jangwani. Lakini machozi mengi yaliletwa na haraka ile, na yalimwagika katika macho ya watu ambao hawakuitaka.

Jambo la pili: mtumishi angojaye ana kazi mkononi.

Daudi alipakwa mafuta awe mfalme akali kijana. Je, baada ya mafuta yale alikwenda wapi? Alirudi kwa kondoo. Hata Sauli alipotuma watu kumwita, ilibidi wamwombe baba yake amtoe malishoni. Akawa mpiga kinubi, akawa mchukua silaha, akawapelekea ndugu zake chakula vitani. Baadaye, kule Engedi, Sauli aliingia mwenyewe katika pango alimojificha Daudi. Watu wake wakamwambia kwamba hiyo ndiyo siku aliyoahidiwa. Daudi akakata upindo wa vazi tu, na hata kwa hilo moyo wake ukamchoma. Hakutaka kuchukua kwa kisu kitu ambacho Mungu alikuwa amekwisha kumwahidi. Alikuwa na miaka 30 alipoanza kutawala huko Hebroni. Miaka ile yote ya kungoja haikuwa mitupu, kwa maana aliyekuja kuwachunga watu alijifunza kwanza kuchunga kondoo.

Yakobo katika barua yake anatuonyesha mkulima anayengoja mvua ya kwanza na ya mwisho. Wakulima wetu wanalielewa jambo hili kuliko wahubiri. Mwenye kulima shamba, akapanda, kisha akatazama mawingu, huyo anangoja. Lakini asiyegusa jembe na bado anatazama mawingu, huyo hangoji, amekaa tu.

Nasi hapa Kenya tunao mfano wa karibu. Mwaka wa 1844 mmishonari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa, na mwaka huo huo, mwezi wa saba, akamzika mkewe Rosina na mtoto wao mchanga. Mwaka wa 1846 akaja mwenzake, Johannes Rebmann, Mjerumani aliyetumwa na chama cha Church Missionary Society, nao wakaanza kazi huko Rabai, kati ya watu ambao leo tunawaita Wamijikenda. Krapf aliondoka kwa sababu ya afya mwaka wa 1853. Rebmann akabaki. Vitabu vya shule vinamkumbuka kwa kuuona mlima Kilimanjaro na theluji yake mwaka wa 1848, na wataalamu wengine wa Ulaya wakamcheka, wasikubali kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta. Lakini safari zile zilikuwa sehemu ndogo ya maisha yake. Sehemu kubwa ilikuwa ni kungoja.

Alikaa Afrika miaka 29 bila kurudi Ulaya. Mkewe Emma alifariki mwaka wa 1866. Walioitembelea Rabai waliwahesabu Wakristo kwa vidole, wakaona kwamba kazi ile ni ndogo mno. Lakini alikuwa akifanya nini siku zote hizo? Aliwafundisha wale wachache waliokuja. Alikusanya maneno ya lugha za watu, neno moja moja: maneno ya Kiswahili, maneno ya watu wa Rabai, na maneno ya watu wa pande za Ziwa Nyasa, ambayo alifundishwa na mtu mmoja aliyeitwa Salimini, aliyeletwa pwani kwa njia ya utumwa. Macho yake yakafifia hata akawa kipofu. Mwaka wa 1875 akarudishwa kwao Ujerumani, na mwaka wa 1876 akafa. Kamusi ile ya lugha ya Nyasa ilipigwa chapa mwaka wa 1877. Yeye hakuishika mkononi.

Naye hakuona yaliyofuata. Mwaka wa 1885, huko Freretown karibu na Mombasa, Askofu James Hannington aliwaweka wakfu William Jones na Ishmael Semler, Waafrika waliokuwa wamekombolewa utumwani na kulelewa India, wawe mashemasi. Hao wawili walikuwa wamefanya kazi Rabai katika siku za Rebmann. Hatusemi kwamba matunda yote ya pwani yalitoka kwa mtu mmoja, wala hatusemi kwamba mtu huyo hakuwa na upungufu. Tunasema hivi tu: alikutwa mahali pake, na kazi mkononi.

Jambo la tatu: mtumishi angojaye hawapigi watumishi wenzake.

Katika Mathayo 24 Bwana Yesu anaeleza habari ya mtumwa mbaya. Dhambi ya mtumwa huyu ilianza moyoni, aliposema kwamba bwana wake anakawia. Kisha ikatoka kwenye mikono, akaanza kuwapiga wenzake. Mambo hayo mawili hufuatana. Mtu akichoka kumngoja Mungu, mara nyingi hamwambii Mungu. Huwapiga walio karibu naye. Baba asiyepata kazi anamfokea mkewe. Mzee wa kanisa aliyekosa cheo alichokitazamia anakuwa mkali kwa vijana. Na yule mama anayengoja mtoto, ni nani anayempiga? Mara nyingi ni sisi, kwa maswali yetu, kwa ushauri tusioombwa, kwa kumwuliza ana dhambi gani iliyofichika. Tumesahau kwamba yeye ni mtumishi mwenzetu, naye anautazama mkono ule ule.

Hapa huenda wewe msikilizaji una swali. Unasema, je, mtumishi haruhusiwi kulia? Je, ninyamaze tu na kuvumilia lolote?

La, hasha. Zaburi hiyo hiyo ya 123 ni kilio. Waliouimba wimbo huo walikuwa wameshiba dharau za wenye kiburi, nao walimwambia Mungu wazi wazi. Mtumishi wa Mungu ana ruhusa ya kuuliza hata lini. Kunung'unika ni kumsema bwana wako ukiwa umempa mgongo. Kulia ni kumwambia ukiwa umemwelekea uso.

Tena tusilifanye neno hili kuwa mzigo wa kuwatwika wengine. Mgonjwa asiambiwe aache dawa ati anamngoja Bwana. Daktari naye ni kipawa cha Mungu. Mke anayepigwa nyumbani asiambiwe akae amngoje Bwana huku anaumizwa. Mtumishi hangoji amri mpya kwa jambo ambalo amri yake imekwisha kutolewa, na Mungu amekwisha kutuamuru kumtetea anayeonewa. Jambo kama hilo likiletwa kwetu, kanisa lisimame siku hiyo hiyo.

Lakini lipo swali zito zaidi, nalo hatuwezi kuliacha. Itakuwaje kama ninachokingoja hakitakuja? Ndugu, hatutakudanganya. Hatukupata mahali popote katika Maandiko panapoahidi kwamba kila angojaye mtoto atampata, au kila mgonjwa atainuka kitandani pake. Waraka kwa Waebrania, sura ya 11, unataja majina makubwa ya imani, kisha unasema kwamba walikufa wakiwa hawajazipokea zile ahadi. Waliziona kwa mbali tu. Mtu aliyeketi upande wa mwananchi hawezi kulibeba jambo hili. Akikosa hati amekosa yote, na safari yake ilikuwa ya bure.

Mtumishi ana lingine. Yeye alikuwa akimngoja bwana wake, na bwana wake atakuja. Katika Luka 12 Yesu anasimulia habari ya watumwa waliomngoja bwana wao aliyekwenda arusini. Viuno vyao vimefungwa, taa zao zinawaka, hata kama ni zamu ya pili ya usiku, hata ya tatu. Bwana anapofika na kubisha, wanamfungulia mara. Halafu linatokea jambo ambalo hakuna mtumwa wa zamani aliyelitazamia. Bwana mwenyewe anajifunga kiuno, anawaketisha chakulani, anawahudumia! Hatujui ofisi wala nyumba ya mkubwa ambamo mambo huwa hivyo. Lakini katika nyumba ya Mungu ndivyo yatakavyokuwa, kwa sababu Bwana wetu amekwisha kuonyesha tabia yake. Yeye aliyekuwa na utukufu wote alitwaa namna ya mtumwa. Alikaa Nazareti hata akawa na umri upatao miaka 30 kabla ya kuanza kuhubiri. Usiku wa mwisho aliwaosha wanafunzi miguu. Na kule Gethsemane aliomba kikombe kiondolewe, akakiacha katika mkono wa Baba, na kikombe hakikuondolewa. Basi unapongoja jibu ambalo haliji, hungoji mlangoni kwa mtu asiyejua kungoja.

Tufanye nini basi juma hili? Asubuhi, kabla ya kumpelekea Mungu orodha ya haja zetu, tumwulize kwanza: Bwana, una kazi gani kwangu leo? Kisha tutafute amri moja aliyokwisha kutupa ambayo tumeiweka kando kwa sababu tulikuwa tunashughulika na kungoja: deni la kulipa, mgonjwa wa kutembelea, jirani wa kupatana naye. Na mwisho, tumtafute mtu mmoja anayengoja kwa uchungu, tukae naye bila kumhubiri. Tumpelekee chai. Tumsaidie kupalilia. Kungoja wawili ni kwepesi kuliko kungoja peke yako.

Tuombe. Ee Bwana, macho yetu yamechoka kutazama, nawe wayajua tunayoyangoja. Yale utakayotupa, utupe kwa saa yako. Yale usiyotupa, utupe wewe mwenyewe. Utusamehe tulipowapiga wenzetu kwa sababu tulikuwa tumechoka. Uwashike leo walio mwisho wa nguvu zao. Nasi ujapo, utukute mlangoni, taa zetu zinawaka, na kazi yako mikononi mwetu. Kwa jina la Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.